Walioshiba Mikate

Wapendwa katika Kristo, sura ya 6 ya Injili ya Yohana husomwa mara nyingi kwa ajili ya ile mikate mitano na samaki wawili, na wengi wetu huishia kwenye vikapu kumi na viwili vya mabaki. Wiki hii tusogee hadi mstari wa 15, pale watu walioshiba wanapotaka kumshika Yesu kwa nguvu ili wamfanye mfalme, naye anajitenga na kwenda mlimani peke yake. Kesho yake, wanapompata ng'ambo ya bahari, anawaambia waziwazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula wakashiba. Kwa umati ule, aliyewalisha jana ndiye aliyefaa kutawala leo, wala hakuna aliyeuliza atatawala vipi.

Hapa Tanga hatuhitaji kwenda mbali ili tuuelewe umati huo. Wazee wa Ngamiani na Makorora wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sukari, sabuni na unga vilipopatikana kwa foleni na kwa mgawo, na jina lako kuwamo au kutokuwamo kwenye orodha lilikuwa jambo zito. Foleni ile ilikuwa na mafunzo yake: mtu alizoea kutomkera mwenye orodha, akazoea kunong'ona, na kilo ya sukari aliyoilipia kwa fedha yake akaipokea kama fadhila ya mkubwa. Baada ya mwaka 1985, wakati wa ruksa, Rais Mwinyi alipolegeza masharti ya biashara, maduka yakajaa, mitumba ikatandazwa sokoni, na mazoea mengine yakaingia. Mnunuzi hupatana bei, asiporidhika huhamia meza ya jirani, na akishalipa hadaiwi na mtu. Siitamani foleni, aliyewahi kusimama tangu alfajiri akarudi na kapu tupu hawezi kuitamani. Ila naona kwamba mazoea yote mawili tunayo bado, na tunakwenda nayo hadi kwenye kituo cha kupigia kura. Mbele ya mgombea anayegawa khanga na fulana tunakuwa watu wa foleni, na tukirudi nyumbani tunakuwa wateja wanaouliza tu, "Mimi nimepata nini?"

Sheria ya uchaguzi yenyewe iliwahi kuiruhusu takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoitangaza mwaka 2006 kuwa ni kinyume cha Katiba. Ilikuwa hukumu njema, lakini sijui kama imefika jikoni kwetu.

Tazameni pia mwaka 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza mwezi Julai. Nchi nzima ililalamika, na ifikapo Septemba Serikali ikaipunguza. Malalamiko yale yalikuwa ya haki, kwa maana mama anayemtumia mwanawe nauli aliumia kweli. Hata hivyo, wengi waliopaza sauti walizungumza kama wateja waliopandishiwa bei, na ni wachache waliofuatilia fedha zile zilizokwisha kukatwa zilikwenda kwenye zahanati na madarasa yapi. Mteja akipunguziwa bei hunyamaza, na sisi tulinyamaza. Mkutano wa mtaa unapoitishwa ili mapato na matumizi yasomwe, viti huwa vitupu, pengine kwa sababu pale hakuna cha kununua.

Kununua kwaweza pia kumfundisha mtu haki. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipokataa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, familia nyingi za huko ziliacha sukari iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Wanawake, ambao hawakuwa na kura, walikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa wao ndio waliopanga matumizi ya nyumba. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kisheria mwaka 1807, kwa sababu nyingi, na sitaki kusema kwamba ni chai isiyo na sukari iliyoleta sheria. Nasema tu kwamba watu wale walikuwa wamezoea, kila walipoketi mezani, kumfikiria mtu ambaye hawakupata kumwona. Jambo hili linatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani, kwani bonde la Pangani, kusini mwa mji wetu, lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa katika karne ya 19.

Jumuiya zetu ndogondogo zinapokutana wiki hii, zisome Yohana 6, kuanzia mstari wa 1 hadi wa 27, bila haraka. Kila mmoja ataje kitu kimoja anachonunua kila siku na mtu anayekivuna, anayekibeba au anayekiuza, na aseme kama aliwahi kumkumbuka mtu huyo alipokuwa akichagua diwani. Kisha jumuiya iulize tarehe ya mkutano ujao wa mtaa, na iwachague watakaokwenda kusikiliza taarifa ya fedha na kutuletea majibu.