Kamba ya boya ilivyonihangaisha mpaka ikakaa sawa

Mi nabeba abiria Lamu na Mokowe, boya la kuokolea ninalo siku zote, lakini ile kamba yake kusema kweli sikuwahi kuiangalia. Msimu wa kusi uliopita kijana akaanguka karibu na gati, baharia wangu akamtupia boya, likafika vizuri tu, kumbe kamba imezama imepita chini ya boti ikajisokota kwenye propela, injini ikazima palepale. Kijana alijua kuogelea alhamdulillahi, akaja na boya lake. Lakini usiku sikupata usingizi, nawaza je angekuwa mama na buibui lake na mtoto mkononi?

Asubuhi nikaenda kwa mjomba wangu, yeye kafanya kazi meli kubwa miaka mingi. Kaishika tu akanambia, "Mjomba, hii nailoni, nailoni haielei." Akanieleza sheria ya meli za kimataifa, SOLAS: kamba ielee, isijikunjekunje, unene usipungue milimita 8, na isikatike mpaka ipite kilonewtoni 5, yaani kama kuning'iniza kilo mia tano hivi. Urefu mita 30, na kama boya limewekwa juu sana basi mara mbili ya kimo mpaka majini, ile ndefu ndo inafuatwa. Na boya lenye taa halifungwi kamba hii. Boti kama yangu haimo kwenye sheria hiyo ya meli, lakini maji si ndo yaleyale jamani.

Dukani nikaomba kipande, nikakitia kwenye ndoo ya maji ya bahari, nikakikandamiza chini kikapanda juu chenyewe, hapo ndo nikalipa. Nikachukua nyeusi manake jua letu hili linakula kamba za plastiki, za rangi nyeupe unazikunja zinatoa unga mkononi.

Kazi ikabaki kwenye kuitupa. Baharia alikuwa anaizungusha kwenye kiwiko kama ya kuanikia nguo, ikitupwa inatoka fundo. Sasa tunaishusha ovyoovyo ndani ya ndoo, mwisho wake umefungwa kwenye boti, inatoka yenyewe. Tukatupa nazi kavu majini iwe ndo mtu, mara ya kwanza boya likaenda mbali, ya pili mkondo ukalichukua, ya tatu akarusha upande mkondo unakotoka likashuka lenyewe mpaka kwenye nazi, na kamba yote inaonekana juu ya maji.