Baba kalaza sepeto chini

Jioni zangu siku hizi zinaishia kwenye michoro ya Jean-François Millet, yule Mfaransa wa karne ya 19, na sizungumzii zile picha zake kubwa za wanawake wanaookota masuke shambani ambazo wengi wanazijua, nasema hii midogo ya chaki nyeusi yenye watoto ndani yake, watoto wanalishwa, watoto wanafundishwa kufuma, mtoto kashikwa kwapani atembee.

Huo wa kutembea ndio umenikaa kichwani. Unaitwa Hatua za Kwanza. Ni kwenye bustani ya mboga ya mkulima, baba kaacha kulima, sepeto kalilaza chini, toroli liko pembeni, kapiga goti moja katanua mikono, na upande wa pili mama kainama kamshikilia mtoto ambaye ndo kwanza anasimama dede. Basi. Hakuna sherehe wala mgeni. Ila kila nikizuumu kwenye simu macho yanaenda pale kati, kati ya vidole vya mtoto na mikono ya baba, pale pakavu pasipo na kitu, yaani hapo ndipo Millet kaweka kila kitu.

Halafu huyu baba yuko kazini. Mtu anayekula kwa sepeto haachi mtaro nusu hivi hivi, jua halimsubiri, na bado kaacha. Millet alikuwa anajua anachochora, kazaliwa 1814 kijiji cha Gruchy kule Normandy, kwao wakulima na yeye mwenyewe kalima kabla ya kwenda kusomea uchoraji, tangu 1849 akaishi Barbizon karibu na msitu wa Fontainebleau, akapata watoto tisa, na miaka mingi hela ilikuwa ya shida. Nyumba ya watoto tisa haikosi mmoja anayejifunza kutembea.

Kuna mwingine, mama kampakata mtoto anapuliza uji kwenye kijiko, kautoa kama chapa mwaka 1861. Bibi yangu alikuwa anafanya vilevile, anapuliza halafu anagusisha kijiko kwenye mdomo wake kwanza ndipo akupe. Na kuna ile ya rangi iliyoko makumbusho ya mji wa Lille, Ufaransa, watoto watatu wamekaa kwa mstari kizingitini, mama kwenye kigoda anawalisha kijiko kimoja kwa zamu, na nyuma kabisa baba analima. Millet alisema aliwaza kiota cha makinda, na yule mwanaume anayehangaika ili walishwe.

Nafikiri tusingekuwa na haya kabisa bila watu kama yeye. Kamera ilikuwepo, ile ya Mfaransa Daguerre ilitangazwa 1839, lakini ilitaka mtu atulie tuli, mtoto anayeyumba angetoka ukungu mtupu, na mkulima yupi angemlipa mpiga picha aje bustanini?

Michoro ya aina hii inanifanya nimwangalie mtoto wa dada yangu kwa utulivu zaidi, ameanza kushika makochi, na simu ninaiacha mezani.

Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, naye aliupenda huu wa hatua za kwanza. Januari 1890 akiwa hospitali kule Saint-Rémy, Ufaransa, alikuwa na fotografia ya mchoro huo, akaichora miraba ili aihamishie kwenye turubai, akaitia rangi zake, kijani na buluu hadi bustani nzima inachangamka. Mimi bado chaki ya Millet inanigusa zaidi, rangi zinanivuta macho mbali na ile nafasi ya katikati. Ila wakati anapaka, mke wa mdogo wake Theo alikuwa mjamzito, na tarehe 31 mwezi huohuo akazaliwa mtoto wa kiume wakampa jina la baba yake mkubwa, Vincent. Van Gogh alifariki Julai mwaka uleule. Yule mtoto akakua akawa injinia, akatunza picha za baba yake mkubwa, na ndiye aliyesimamia zisitawanyike mpaka makumbusho ya Van Gogh yakafunguliwa Amsterdam mwaka 1973.