Siku moja na dada wa viboksi vya sola

Saa 11 na nusu alfajiri alamu, maji, chai ya rangi, daladala nimesimama njia nzima, saa 2 kasoro niko ofisini Kariakoo. Hapo hakuna stori.

Nikiwaambia watu nafanya kazi za sola wanadhani napanda mabati. Napanda mara moja moja, siku ya kupima tu. Siku nyingine zote niko kwenye kompyuta naujenga mtambo mzima humo ndani kabla fundi hajanunua hata skrubu, naweka paa, naweka tangi la maji, naweka muembe wa jirani, halafu nalizungusha jua mwaka mzima, saa zote 8,760, nione linaacha yuniti ngapi za umeme. Programu inaitwa PVsyst, ilianzia Chuo Kikuu cha Geneva kule Uswisi, leseni yake inalipiwa kila mwaka na bosi hakosi kutukumbusha nani kailipia. Mafundi wetu wao wanasema nachora viboksi. Eti nakaa kwenye kiyoyozi nachora viboksi. Sawa.

Saa 2 mpaka saa 4 nilikuwa na nyumba moja ya Tegeta. Mama mwenye nyumba anataka paneli zikae nyuma ya tangi zisionekane barabarani, na anaapa pale hakuna kivuli, amekaa akaangalia mwenyewe mchana kutwa. Ni kweli, ila aliangalia Desemba. Kwa Dar jua la mchana Desemba linakuwa upande wa kusini kidogo, ikifika Juni limehamia kaskazini, na tangi lake liko kaskazini ya paneli. Nikarekodi skrini kivuli cha Juni kinavyotembea juu ya paneli, nikamtumia WhatsApp. Akajibu, "Heee! Haya zisogezeni." Siku zote zingekuwa hivi ningenenepa.

Saa 4 supu na chapati. Saa 4 na nusu akapiga mzee wa Njombe.

Huyu mzee ana parachichi, anazikusanya na kuzichambua hapo hapo kwake, sasa anataka chumba cha baridi kiendeshwe na sola. Mzee mzuri, mkarimu, ananiita binti yangu, lakini ana shemeji. Shemeji ndiye anajua. Na shemeji kasema paneli ziwe 40.

"Shikamoo mzee wangu."
"Marahaba binti yangu, hujambo? Sasa hizi 36 zako ni hesabu gani? Mimi nataka 40 kamili, hela ninayo."

Nikamweleza. Hapa naandika kwa kifupi ila simu ilikwenda dakika 50. Inverta tuliyompangia, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha mashine, ina viingilio viwili na kila kimoja mwisho wake ni volti 1,000. Paneli za wati 550 tunazotumia, moja inafika karibu volti 49.8 ikiwa haijabebeshwa mzigo, 40 ni 20 kila kiingilio, ukiunga 20 kwa mfuatano unapata 996, na hapo ndipo shemeji anaponishinda kwa sababu 996 ni ndogo kuliko 1,000, mtoto wa darasa la pili anaona. Sasa hiyo 49.8 imepimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25. Paneli ikipoa volti zinapanda. Njombe asubuhi ya Juni siyo nyuzi 25 jamani, Njombe watu wanaota moto! Nikiweka nyuzi 5 zile 20 zinanipa kama volti 1,050, jua linachomoza tu inverta inakula kitu ambacho haikutengenezewa. Ndiyo maana 18 na 18. Na hiyo baridi ndiyo inayomfanya apate umeme mzuri, maana hapa Dar juu ya bati la moto paneli inafika nyuzi 60 na inapoteza kama asilimia 12 ya ile 550 iliyoandikwa mgongoni. Baridi moja, faida na hasara humo humo, nenda kamweleze shemeji.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekuelewa kabisa binti yangu." Kimya kidogo. "Kwa hiyo 40 haiwezekani hata kwa kuongeza hela?"

Nikapumua.

Saa 7 umeme ukakatika. Kampuni ya sola, juu ya paa letu hakuna hata paneli moja, mganga hajigangi. Kompyuta yangu betri ilishachoka zamani, ikazima na simulesheni ikiwa katikati, wala sikuwa nimesevu. Fundi mkuu akapita akacheka, "Dada wa viboksi leo umekuwa dada wa maboksi." Nikaenda kula.

Umeme ulirudi mida ya saa 9 na hapo ndipo siku ilipoharibika, maana nikaanza upya kazi ya mzee na ukubwa wa betri ambayo programu inataka awekewe ukagoma kupungua. Mimi kichwani nilikuwa na yuniti kama 20 za betri, usiku anatumia kidogo, chumba chenyewe cha baridi ni kontena dogo tu, mzigo mkubwa ni mchana wakati jua lipo. Programu inadai 45. Nikabadilisha data za hali ya hewa, 45. Nikakagua paneli zinaelekea kaskazini kweli, maana programu nyingine sifuri yao ni kusini, wamezizoea nchi za huko kwao, nayo ilikuwa sawa. Nikapunguza hasara ya vumbi, nikatazama nyaya, nikaanza kujitilia shaka mimi mwenyewe na cheti changu. Bosi anapita kila baada ya muda, "Hiyo proposo ya Njombe vipi?" Yuniti 25 za betri za ziada ni hela nyingi, mzee angekimbia na shemeji angesherehekea.

Sijui ilikuwa saa ngapi, wenzangu walishaanza kufunga mabegi, nikafungua ile jedwali ya matumizi ya saa kwa saa. Aliijaza kijana wetu wa fildi, mtoto msikivu sana, alimpigia mzee akaandika alichoambiwa neno kwa neno. Mzee alisema mashine zinafanya kazi saa 2 mpaka saa 12. Kijana kajaza 02:00 mpaka 12:00.

Nilicheka mpaka machozi, na sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko. Programu ya Wazungu saa zake zinaanza usiku wa manane, mzee wangu saa zake zinaanza jua likitoka, kwa hiyo siku nzima kompyuta ilikuwa inaamini kuna watu Njombe wanaamka saa 8 usiku kwenye baridi ile kuchambua parachichi gizani. Ndiyo ikawapangia betri, ingefanyaje? Nikasogeza mzigo wote saa 6 mbele. Yuniti 20. Sikumfokea kijana. Nilimwonyesha tu, akashika kichwa, halafu akaniuliza hivi zile kazi mbili alizojaza wiki iliyopita na zenyewe... Ndiyo mdogo wangu, na zenyewe. Tukazifungua tukarekebisha, moja ilishaprintiwa.

Nimefika nyumbani miguu imevimba, nimekula ubwabwa wa jana, nikatuma proposo kwa mzee kabla sijalala, kurasa 14 na ule mchoro wa mshale mkubwa unaopungua pungua kuonyesha jua linapotelea wapi, najua hatausoma ila mimi naupenda.

Saa 4 usiku sauti ya WhatsApp ikaingia. "Binti yangu nimeipata, Mungu akubariki sana. Nilisahau kitu kidogo tu, kuna mashine yangu ya kusaga mahindi nayo tuiunge humo humo, hiyo huwa tunaiwasha saa 1."

Nikaandika, "Saa 1 asubuhi au saa 1 usiku mzee wangu?"

Tiki mbili za bluu. Mpaka sasa hajajibu.