Toleo jipya, kalibu ileile: kagua kabla ya kulipa

Ukinunua boksi la gari dogo la plastiki la kuunganisha, mwaka uliochongwa chini ya chasisi huwadanganya wengi. Mara nyingi huo ni mwaka wa kalibu, yaani umbo la chuma linalomiminiwa plastiki, si wa plastiki uliyoshika. Boksi linaweza kuwa jipya kabisa, kalibu ikawa ya miaka ya 1970.

Hesabu fremu kwanza, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande. Kila moja ina herufi, kila kipande kina namba. Linganisha na karatasi ya maelekezo. Herufi ikirukwa, usikimbilie kudai umepunjwa: huenda fremu hiyo ni ya toleo jingine la gari hilohilo. Ukikuta rimu za ziada, tunza.

Kalibu iliyochakaa huonekana pembeni. Plastiki huvuja na kuacha utando mwembamba, hasa kwenye kingo za madirisha na grili. Kwangua kwa mgongo wa kisu, si makali. Mistari ya milango ikiwa imefifia, ichimbe upya kabla ya rangi. Ukichelewa, rangi itaifukia.

Kipande hujui ni cha kipimo gani? Pima. Toyota AE86 ina milimita 2,400 kati ya ekseli: kwa kipimo cha 1/24 (mara 24 ndogo kuliko gari halisi) ni milimita 100, kwa 1/25 ni 96. Tofauti ndogo, lakini bodi haitakaa.

Na joto letu la Dar lina lake. Matairi laini yakigusana na vioo muda mrefu huyeyusha plastiki. Yafunge kwenye mfuko wao. Stika za zamani za kulowekwa hubanduka vipandevipande majini. Jaribu moja usiyoihitaji kwanza.