Sili mbili, tone lilelile: Jumamosi nne chini ya Defender

Jumamosi ya kwanza

Kipande cha boksi nilichotandika chini ya gari jana usiku kimeamka na doa jeusi la ukubwa wa kisosi. Limeangukia palepale pa siku zote, chini ya nyumba ya klachi. Gari ni Land Rover Defender 110 ya 1997, injini 300Tdi ya dizeli, sisii 2,495, imebeba watalii miaka mingi kabla ya kuletwa kupumzika kwangu hapa Njiro, Arusha. Mama mwenye nyumba ameshanionya mara mbili kuhusu pevingi zake. Mara ya pili hakuniita "baba", aliniita kwa jina.

Mwaka huu sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili mkuu wa injini unapotokea, imebadilishwa mara mbili. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anaijua: gia boksi ishuke, klachi itoke, flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) itoke, ndipo uifikie sili yenyewe. Ya kwanza ilikaa miezi minne, ya pili wiki tatu. Fundi wangu, mzee ninayemheshimu, anasema sili za siku hizi ni feki. Sawa, feki zipo tele. Ila mbili mfululizo, tena kutoka maduka tofauti?

Leo sikufungua nati hata moja. Nilifunga altaneta kwa mfuko, nikasugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, nikaisuuza kwa maji ya sabuni na kuiacha juani mpaka ikauke kabisa. Halafu nikaipaka poda. Poda nyeupe ya mtoto, kila pembe. "Baba watoto, hiyo ni ya gari au ya mwanao?" mke wangu akauliza. Nikaahidi kurudisha kopo jipya. Faida ya poda ni kwamba oili ikitoka tu, inachora mstari mweusi unaoweza kuufuata kwa jicho mpaka chanzo. Bila hivyo utadanganyika, kwa sababu oili hushuka kwa uzito na upepo wa mwendo huirudisha nyuma. Inapodondokea karibu kila mara siyo inapotokea.

Nikaenda Kisongo na kurudi. Nilipofungua boneti nilikuta mistari mitatu: mmoja chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) upande wa nyuma, mmoja kwenye gasketi ya pampu ndogo ya kuvuta dizeli, na mmoja kwenye bomba la dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili. Dipstiki yenyewe ilikuwa imejiinua, imesimama juu kama kidole. Niliisukuma mwenyewe mpaka mwisho kabla ya kutoka.

Nilikaa kwenye ndoo nikaiangalia muda mrefu. Gasketi inaweza kuchoka. Dipstiki haichoki, inasukumwa.

Jumamosi ya pili

Kwanza nilihakikisha ni oili gani. Ya gia boksi ni nyembamba na nyekundu, ya difu (gia za ekseli) na ya transfa inanuka kiberiti, hii ni nyeusi tii: ya injini. Nikainusa pia kwenye dipstiki. Ile pampu ndogo ikichanika kiwambo, dizeli huingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na badala ya oili kupungua inaongezeka. Harufu ya dizeli haipo, kiwango hakijapanda. Hilo tumelifuta.

Sasa presha. Hata injini mpya, moto unapoipiga pistoni, gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye chumba cha krenki. Lazima itafutiwe njia ya kutoka. Kwenye 300Tdi hupandia kwenye tapeti kava, ikaingia kwenye kikopo kinachoizungusha mpaka matone ya oili yagande ukutani na kurudi chini, halafu hewa iliyobaki hupita kwenye mpira na kuvutwa na turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, pamoja na hewa ya filta. Injini ya petroli ina kipepeo kinachobana hewa, kwa hiyo mvuto wake ni mkubwa. Dizeli ya umri huu haina, mvuto wake ni mdogo tu. Njia ikiziba kidogo, gesi inajitafutia mlango mwingine, na mlango dhaifu ni sili.

Kipimo nilitengeneza kwa mpira ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi ujenzi hupimia usawa wa msingi. Nikaukunja kama herufi U, nikaufunga kwenye rula ya mwanangu, nikatia maji hadi katikati, ncha moja nikaichomeka kwenye bomba la dipstiki na kuizungushia tepu. Injini ikiwa sailensi tu, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, tofauti ya maji ilifika milimita 90. Nilipomwambia kijana akanyage mafuta kidogo, maji yaliruka yote yakanilowesha shati.

Nilikuwa na mshukiwa mwingine, pampu ya hewa ya breki. Inatupa hewa yake ndani ya injini, kwa hiyo buster ya breki (chombo kinacholainisha pedali) ikivuja, pampu inapuliza bila kupumzika. Nikajaza maji tena, nikachomoa mpira wake na kuziba pampu kwa kidole gumba. Maji hayakutikisika. Buster haina kosa.

Jumamosi ya tatu

Hii ndiyo siku. Nilitoa kikopo. Ndani kulikuwa na kitu kizito kama uji wa ulezi uliolala, vumbi na oili vimeshikana. Nikakiloweka kwenye mafuta ya taa saa nzima, nikakipuliza kwa upepo wa fundi matairi.

Lakini uji haukuwa mkosaji mkuu. Mpira wa kwenda turbo mtu alishaubadilisha zamani, akaweka mpira wa maji. Kwa nje ulikuwa mzuri, unang'aa. Nikaupasua kwa wembe kwa urefu wake. Tabaka la ndani lilikuwa limevimba kwa oili na kubanduka, linaning'inia kama ulimi. Nikapuliza upande mmoja, hewa ikapita. Upande mwingine, ulimi ukajifunga. Nilimpelekea mzee. Aliugeuza mara tatu, akasema tu, "Loo, tumekosea mgonjwa."

Nimeweka mpira unaostahimili oili, na ringi mpya ya kikopo. Filta ya hewa pia nimebadilisha, kwa sababu ikijaa vumbi mvuto unazidi na turbo inaanza kunywa oili kupitia njia hiihii. Dizeli inaweza kuwaka kwa oili yake na kukimbia yenyewe hata ukizima ufunguo. Hapo ni kuziba hewa, au kutia gia kubwa, kushika breki na kuachia klachi. Intakula (kipozea hewa ya turbo) nimeishusha nikaikung'uta: nusu kikombe cha oili.

Maji kwenye U sasa hivi yanavutwa milimita 10 kuelekea ndani.

Jumamosi ya nne

Sili ya tatu imeingia. Moshi na kurudi, kama kilomita 160, dipstiki haijasogea. Gasketi ya pampu ndogo nimebadilisha, ya tapeti kava bado inatoa jasho kidogo, itasubiri mshahara.

Kwenye boksi leo asubuhi kulikuwa na tone moja, nyuma zaidi, chini ya transfa, boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nikalinusa: kiberiti.