Tishu, trei au udongo: nilivyolinganisha njia za kuotesha mbegu Nairobi

Mbegu za pilipili zikigoma kuota mwezi wa Julai, lawama huenda kwa pakiti. Mara nyingi pakiti haina hatia, tatizo ni baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Mbegu ya pilipili iliyo kwenye nyuzi 25 hadi 30 huota kwa siku 8 hivi. Kwenye nyuzi 20 huchukua karibu wiki mbili, kwenye 15 hupita wiki tatu, na kwenye 10 haioti kabisa: hukaa kwenye maji hadi ioze. Nyanya ni vumilivu zaidi, lakini nayo huota kwa siku 6 kwenye nyuzi 25 na kwa wiki mbili kwenye 15.

Kwa hiyo nilipoanza kulinganisha njia hizi, yaani kuotesha kwenye tishu yenye unyevu, kwenye trei au kwenye udongo, swali langu halikuwa ipi ni ya kisasa na ipi ni ya wazee. Nilitaka kujua ni ipi inaniwezesha kuipa mbegu joto, unyevu na hewa kwa pamoja ndani ya nyumba ya ghorofa. Na ulinganisho wa haki ni mmoja tu: pakiti moja, siku moja, mbegu zigawanywe sawa kwa kila njia. Ukilinganisha tishu ya Februari na udongo wa Julai, unachopima ni hali ya hewa.

Kabla ya yote, angalia mbegu yenyewe. Pakiti halali ya Kenya huwa na stika ya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, yenye namba ya kukwaruza, ambayo unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili uthibitishe. Soma pia tarehe. Mbegu ya kitunguu hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja hivi, pilipili baada ya miwili, nyanya na sukuma wiki zinaweza kufika minne zikihifadhiwa pakavu na penye baridi. Kama mbegu imepakwa dawa ya rangi ya waridi au kijani, usiiloweke wala kuiosha. Ishike kwa glavu na uipande moja kwa moja.

Tuanze na kuloweka, kwa sababu wengi huchukulia kuwa ni njia kamili. Si njia kamili, ni hatua ya kwanza tu. Mbegu kavu inahitaji kunywa maji hadi ganda lilainike, na kazi hiyo huisha ndani ya saa 12 hadi 24. Baada ya hapo mbegu inaanza kupumua kwa nguvu, na ndani ya glasi ya maji hewa ni kidogo mno. Ukiiacha siku tatu inakosa pumzi na kuanza kunuka. Tumia maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, weka glasi mahali pasipo baridi, na asubuhi mwaga maji. Maharagwe na mbaazi mimi siziloweki kabisa: zikinywa maji baridi kwa haraka, ngozi ya ndani hupasuka na mche hutoka ukiwa na kasoro. Na ile kanuni kwamba mbegu inayoelea ni mfu usiitegemee kwa pilipili. Mbegu yake ni bapa na nyepesi, hushikilia hewa, na inaweza kuelea huku ikiwa nzima.

Tishu ndiyo njia ninayoitetea zaidi kwa miezi ya baridi, na sababu ni rahisi: chombo ni kidogo, kwa hiyo unaweza kukipeleka penye joto. Trei yenye mashimo 128 huwezi kuipandisha juu ya ruta ya intaneti. Mkebe wa Blue Band unaweza.

Chukua tishu nene ya jikoni, au bora zaidi karatasi ya kuchujia kahawa, ambayo nyuzi zake ni ngumu na mizizi haijikiti ndani yake. Ikunje mara mbili, ilowanishe, kisha ikamue hadi iwe kama nguo iliyofuliwa na kukamuliwa vizuri: ukiibana haidondoshi tone. Hapa ndipo wengi huharibu. Tishu inayoelea kwenye maji haina tofauti na glasi. Panga mbegu zikiachana kwa sentimita 2, ili zile zenye ukungu zisiambukize jirani, funika kwa tabaka la juu, na utie kwenye mkebe wenye kifuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 mimi hutumia mikebe ya margarini au ya chakula cha kununua, na kwa kweli ni bora kuliko mfuko kwa sababu hewa inabaki juu ya mbegu. Andika aina na tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika.

Joto sasa. Usikisie, nunua kipima joto kidogo na ukiweke ndani ya mkebe mtupu kwa usiku mzima mahali unapotaka kutumia. Juu ya friji palikuwa pazuri enzi za friji za zamani zenye waya za joto nyuma. Nyingi za sasa hutoa joto lake pembeni, na juu pake ni baridi kama meza. Ruta na dekoda hutoa joto la kutosha, ila weka kipande cha kadibodi katikati na usizibe matundu ya hewa. Kinachonifaa zaidi ni kasha jeupe la kubebea samaki wa barafu. Ndani yake weka chupa mbili za maji ya moto za lita moja na nusu, zilizofungwa vizuri, mkebe ukiwa katikati bila kugusa chupa. Maji yasiwe yanachemka, maana chupa ya plastiki itajikunja. Badilisha maji jioni na asubuhi. Unatafuta nyuzi 25 hadi 30. Ukipita 35 mbegu huanza kudhoofika.

Fungua mkebe kila siku kwa dakika moja. Hewa inabadilika, na unaona mapema mbegu yenye ukungu mweupe wa manyoya. Hiyo itoe pamoja na kipande cha tishu kilichoizunguka. Usichanganye ukungu na vinyweleo vya mzizi. Vinyweleo huzunguka mzizi mpya kwa usawa, karibu na ncha, na ukivinyunyizia maji hulala. Ukungu hutambaa juu ya ganda na kwenye tishu yenyewe. Nimeona watu wakitupa miche mizima kwa sababu ya vinyweleo hivyo.

Hamisha mzizi ukiwa na urefu wa nusu sentimita hadi sentimita moja. Huo ndio udhaifu mkubwa wa njia ya tishu: ukichelewa siku mbili, mzizi unapenya kwenye karatasi na kukatika ukivutwa. Ukiwa umeshashika, kata kipande hicho cha karatasi na ukipande pamoja na mbegu, kitaoza chenyewe. Shika ganda kwa kibano laini, kamwe usishike mzizi. Toboa shimo la sentimita moja kwa ncha ya penseli, mzizi uelekee chini, funika bila kushindilia. Ukipanda juu juu, mche hutoka ukiwa bado umevaa ganda kichwani, kwa sababu hakukuwa na udongo wa kulivua. Hilo likitokea, liloweshe kwa tone la maji, subiri nusu saa, ndipo ulisogeze taratibu.

Trei yenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi unaouzwa ukiwa umeshindiliwa kama tofali, ndiyo ninayotumia kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Machi, wakati mchana ni moto na kazi ya kuhamisha moja moja haina maana. Tofali la gramu 650 hunywa lita 4 hivi za maji na kutoa lita 8 au 9 za kokopiti. Lioshe mara mbili kwanza na ukamue, kwa sababu la bei ya chini mara nyingi huja na chumvi, na chumvi huchoma ncha za mizizi. Vivyo hivyo kuhusu maji: kama maji ya kisima cha ploti yenu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, tumia ya mvua kwa miche. Jaza mashimo bila kushindilia, panda kwa kina cha mara mbili ya unene wa mbegu, funika trei kwa karatasi angavu hadi mche wa kwanza utokeze, kisha ondoa siku hiyo hiyo. Kokopiti haina chakula. Majani halisi yakitokea, yaani yale yanayofuata yale mawili ya kwanza, anza kutoa mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki.

Trei za mayai na mabomba ya karatasi ya chooni nilizijaribu na siziungi mkono. Kadibodi hunyonya unyevu kutoka kwenye udongo, pembeni pakakauka na nje pakaota ukungu.

Udongo wa shambani ndani ya kopo unafanya kazi, lakini huja na kinyausi, ule ugonjwa unaobana shina usawa wa udongo hadi liwe jembamba mithili ya uzi na mche uanguke. Husababishwa na vimelea wa udongoni kama Pythium na Rhizoctonia, na hupenda hasa kile ambacho Julai hutoa: baridi, maji mengi na hewa isiyotembea. Mche ulioanguka hauponi. Utoe pamoja na udongo wake na upunguze maji. Ili kuzuia, tia udongo wenye unyevu kwenye sufuria kuukuu, funika, uupashe kwa moto mdogo hadi katikati pafike nyuzi 70 hadi 80, ukae hapo nusu saa. Usipitishe hapo, udongo uliochomwa sana hutoa amonia inayounguza mizizi. Kisha mwagilia kutoka chini: weka trei kwenye beseni la maji kwa dakika 10, itoe, iache ichuruzike. Usoni mwa udongo pakibaki pakavu kidogo, hata wale vijinzi weusi wadogo hawapati pa kutaga.

Kuna mbegu ambazo tishu haizifai hata kukiwa na baridi. Dania (giligilani) ni mojawapo. Ile mbegu ya mviringo ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Ipasue kwa kuiviringisha chini ya chupa bila kuisaga, iloweke usiku mmoja, uipande pale pale itakapokulia, kwa sababu mzizi wake mkuu hauvumilii kuhamishwa. Nayo hupenda ubaridi, kwa hiyo Julai ya Nairobi inaifaa. Mbegu za managu (mnavu) na terere (mchicha) ni ndogo mno kwa kibano. Changanya mbegu sehemu moja na mchanga mkavu sehemu kumi, nyunyiza kwenye mistari, funika kwa udongo mwembamba sana. Managu uliyoikamua mwenyewe kutoka kwenye tunda ioshe hadi utelezi wote uishe, uianike kivulini.

Papai linahitaji maelezo zaidi. Kila mbegu imefunikwa kifuko cha utelezi chenye kemikali zinazozuia kuota, na hicho ndicho kinachofanya mbegu mbichi za papai kukaa mwezi mzima kimya. Zisugue kwenye chujio pamoja na mchanga safi hadi vifuko vyote vipasuke, zioshe, zianike kivulini siku mbili tatu. Zikiwa tayari, loweka saa 24, kisha weka kwenye tishu ndani ya lile kasha la samaki. Ukipata joto tegemea wiki mbili hadi tatu. Hamishia kwenye kikopo chake mapema, mzizi ukiwa mfupi kabisa, na ukipeleka shambani pasua kikopo badala ya kung'oa mche. Panda miche mitatu kwa shimo, kwa sababu mipapai mingine ni ya kiume na hutajua hadi itoe maua. Ndipo ung'oe isiyotakiwa.

Baada ya kuota, mwanga hauna mbadala. Mche uliokaa siku mbili gizani hurefuka, hupauka na kulala. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini na Desemba hupita upande wa kusini. Balkoni inayotazama kaskazini ni dhahabu katikati ya mwaka, na ile ya kusini hupata zamu yake mwisho wa mwaka. Kama dirisha lako ni la kusini na ni Julai, omba nafasi kwenye paa la ghorofa kwa mlezi wa jengo, toa trei saa nne asubuhi, irudishe ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Siku za mwanzo weka kivuli cha neti, uongeze saa za jua kidogo kidogo kwa wiki moja, maana majani yaliyotoka ndani ya nyumba huungua na kuwa meupe yakikutana na jua la saa saba ghafla.