Lori la pili ndilo lililotembea

Lori la kwanza nililomchongea mpwa wangu lilidumu siku mbili. Umbo halikuwa na kasoro: kichwa, bodi, magurudumu sita. Nililiharibu mwishoni kabisa, kwa kulipaka vanishi likiwa limeshaungwa lote. Vanishi ikachuruzika hadi kwenye matundu ya ekseli, vile vijiti vinavyobeba magurudumu, na kukaukia humo. Mtoto akalisukuma, likaburuzika kama tofali. "Mjomba, lori limekufa." Nikalazimisha gurudumu lizunguke, ekseli ikakatika.

La pili nikageuza utaratibu: kila kipande kisuguliwe na kupakwa peke yake, gundi ije mwisho. Kingo nilizipunguza makali kwa tupa, hasa za kichwa cha lori, maana ndicho anachokitia mdomoni. Kisha msasa, ambao namba ikipanda ndivyo unavyokuwa laini: namba 80 kufuta alama za msumeno, 120, 180, na 220. Zamani nilikuwa naruka kutoka 80 hadi 220 kwa uvivu tu. Mikwaruzo ya 80 hujificha ubao ukiwa mkavu, ikaja kujitokeza mafuta yakishapakwa.

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo roho ilikuwa inalikataa: nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikafuta ubao wote niliokwisha kuulainisha. Ulipokauka nikapitisha kiganja. Ulikuwa na vinyweleo kama kidevu cha siku mbili bila wembe. Nyuzi zilizolazwa na msasa husimama zikipata maji. Nikazikata kwa 220, mkono mwepesi, basi. Usipoulowesha wewe, mate ya mtoto yataulowesha.

Ukaguzi nilifanya kwa soksi ya nailoni kuukuu niliyoivaa mkononi. Ilinasa kwenye pembe ya ndani ya bodi, mahali ambapo vidole vyangu vilikuwa vimepita mara tatu bila kuhisi kitu.

Vanishi sikuirudia. Nilichukua sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu nne za mafuta meupe ya duka la dawa, yale watu wanayokunywa kulainisha choo, nikaviyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo hakuna haja ya kuiweka juu ya moto wenyewe. Unapaka kwa kitambaa, unaacha usiku kucha, asubuhi unafuta ziada. Ncha zilizokatwa kuvuka nyuzi hunywa mafuta kupita kiasi. Hizo nilizipaka mara tatu, kwingine mara mbili. Mafuta ya kitani nayo ni mazuri, ila yale yanayouzwa kama yaliyochemshwa mara nyingi hutiwa vikausho vya madini, na mtoto huyu anatafuna. Tena matambara yake yakikunjwa yakiwa mabichi yanaweza kuwaka yenyewe, lazima uyaanike yametandazwa.

Ekseli ndiyo iliyonipa shughuli. Gundi haishiki palipo na mafuta, kwa hiyo kabla ya kupaka nilizifunga ncha zake kwa utepe wa karatasi. Ekseli ni ya milimita 6, tundu la bodi 7. Katikati, panapozungukia, nikasugua kipande cha nta kavu. Gundi nikaitia ndani ya gurudumu tu, tone moja, na kati ya gurudumu na bodi nikachomeka karata kuukuu mpaka ilipokauka, ili ibaki nafasi ndogo ya kuzungukia.

Taa za mbele nilikuwa nimezichonga kama vifungo vya kubandika. Nikazitupa. Kipimo cha vipande vya hatari kwa watoto wa chini ya miaka mitatu ni mcheduara, yaani umbo la kopo, wa kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia chote humo kinaweza kumkaba, na vifungo vyangu vilitumbukia bila kubisha. Magurudumu ni ya 45, hayaingii. Taa sasa ni alama mbili za kuchoma kwa msumari wa moto, na kusema kweli zinapendeza zaidi.

Lori linaishi chini ya kochi siku hizi. Upande wa kushoto wa bodi lina alama za meno. Juzi nilipitisha 220 hapo, nikapaka mafuta, na mwenyewe akiwa amesimama pembeni anasubiri gari lake litoke gereji.